Shika Karamu, Mwanangu

Vita hivi vimetufundisha kupanga foleni hata posta. Juma lililopita, pale Biharamulo, mbele yangu alisimama mama kutoka kijiji cha Kaniha aliyetaka kumpelekea mwanawe jeshini simu ya maandishi. Karani alikuwa binti mgeni kutoka pwani. Nyuma ya binti alisimama karani mkuu, Mhangaza wa Ngara mwenye mvi.

"Andika," mama akasema, "mahali imepokelewa."

Binti akacheka. "Mama, mahali hapapokelewi! Mahali gani?"

Mama akajitanda kitenge chake, akageuka kuondoka. Karani mkuu hakumkemea binti. Alimwinamia tu, akamwambia taratibu, "Usimuulize juu ya neno. Muulize anataka mwanawe afanye nini."

Binti akamwita mama arudi, akamuuliza. Mama akajibu, "Aombe ruhusa, aje aoe. Ng'ombe zetu wakwe wamezipokea!"

"Kumbe mahari!" Binti akajiziba mdomo. "Nisamehe, mama." Kwa aibu akamsogezea mkuu wake kalamu. "Andika wewe, mzee."

Mzee akaficha mikono mgongoni. "Shika karamu, mwanangu. Mteja ni wako."

Foleni nzima tukacheka. Binti naye akacheka, safari hii bila kumcheka mtu, kisha akaandika na kumsomea mama neno kwa neno hadi mama akatikisa kichwa kukubali.

Nawajua wakubwa wengi maofisini wanaotamka "kalamu" bila kukosea. Shida yao ni kwamba hawaiachii.