Komm Haikuwa Koma

Usiku ule nililala na viatu miguuni, kwenye chumba cha kupanga Tunduma. Dada yangu Zuhura alikuwa amenipigia mara tatu kutoka Tanga: mama hajiwezi, hata uji unamshinda. Nilisema nitaona. Miaka kumi na miwili nyuma niliiba cherehani ya mama nikaiuza nipate nauli. Alinikuta mlangoni na begi, akasema, "Koma! Usikanyage tena hapa." Tangu hapo nimekanyaga kila mji isipokuwa ule.

Usingizi uliponichukua nilikuwa kwenye banda la video la Mjomba Hamdani, kaka yake mama, tuliyemzika kabla sijaondoka. Kipaza sauti mkononi, anatutafsiria ile sinema yake ya Kijerumani, nyeusi na nyeupe, ya enzi sinema zilipoanza kusema. Kwanza ilikuwa mchezo wa jukwaani, ndiyo maana yote hutokea kwenye sebule moja, watu wakiingia huku na kutokea kule. Bwana mnene amejificha kabatini akimwogopa mkewe. Mke anafungua, anapaza sauti: "Komm!"

"Koma!" anatafsiri mjomba, kama zamani.

Banda linavunjika mbavu. "Mkomeshe huyo, dada!" anadakia mtu wa nyuma.

Nami nacheka. Kisha mabenchi ni matupu, kabati ni lile la mama, linanukia udi, na aliyemo ndani ni mimi. Nje mama anakohoa. Napapasa kitasa. Hakuna.

Mjomba anainamia upenyo wa mlango. "Mpwa wangu, Kijerumani sikukijua. Nilisikia komm nikasema koma. Watu walicheka, nikaacha hivyo hivyo."

"Kwani yule mke alisema nini?"

"Njoo."

"Mjomba, mama si Mjerumani. Alisema koma, nilimsikia kwa masikio yangu."

"Alisema. Wewe ukatoka kabla sinema haijaisha. Alisimama pale pale mpaka magharibi, na mlango hakuufunga."

Kikohozi kinakatika. Nasukuma kwa mabega, napiga mateke, napiga kelele.

Nikaamka nimebandika viganja ukutani, jasho linanitiririka. Nikampigia Zuhura. "Mwambie mama nakuja."

Akasema, "Mwambie mwenyewe. Nimemwekea simu sikioni. Hasemi tena, lakini anasikia."

Nilisikia pumzi yake, ndogo, ya kukwaruza.

"Mama," nikasema, "nimeshavaa viatu."