Kamba Begani mwa Talaso

Nilitumwa kijiji cha Biliqo kwa sababu mgonjwa wetu Talaso alikuwa amekosa kliniki wiki mbili mfululizo na simu yake haikupatikana. Moto wa jiko ulimuunguza shingo, na kovu likavuta kidevu chake hadi karibu na kifua. Daktari wetu wa upasuaji alikuwa amemwekea kifuko cha silikoni chini ya ngozi ya bega isiyoungua. Kila wiki mimi, muuguzi niliyehitimu juzi tu, nilikiongezea maji ya chumvi kwa sindano ili ngozi itanuke, ipatikane ya kuziba shingo kovu likiondolewa.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Isiolo na gari la chanjo. Lami ilipoisha nikaanza kujihoji. Nilijaza kupita kiasi? Nilinawa mikono vizuri? Nilimuuliza dereva kama watu wa Biliqo hupuuza maagizo. Akasema wao hufuata walichoambiwa. Jibu hilo lilininyima raha njia nzima.

Adhuhuri tulifika. Mama yake alinijibu salamu, akaeleza kuwa magari ya abiria na mtandao vilikatika wiki mbili, akanipa chai ya maziwa, akauliza kama mimi ndiye daktari ama ni mtoto wa daktari. Talaso alicheka, kisha akafunua bega. Ngozi ilikuwa nyekundu, imekuwa nyembamba, na mahali pamoja imepasuka hadi silikoni ikaonekana.

"Ulibeba nini?"

"Maji tu. Ulisema nisibebe kitu kichwani. Kichwani sikubeba."

Wanawake wa huko hubeba mtungi mgongoni, kamba ikipita begani. Nilikuwa nimempa maagizo kumi na manane, nikamfanya ayarudie yote, na hilo la kichwa nililitoa kwetu Busia, ambako maji hubebwa kichwani. Hata maumivu hayakumshtua. Nilikuwa nimemwambia ngozi ikitanuka itauma.

Jioni tulirudi naye Isiolo. Kesho yake kifuko kilitolewa. Daktari alisema jeraha lipone kwanza, labda baada ya miezi kadhaa tujaribu tena.

Siku hizi, kabla mgonjwa hajaenda nyumbani, namwomba anionyeshe anavyobeba maji, kuni na mtoto. Ni kazi ya dakika mbili. Siku Talaso alipotoka wodini nilimweleza kwamba kosa lilikuwa langu, nikamwomba msamaha.

"Mimi ungeniuliza, ningekuonyesha," akasema.

Alisema akitazama viatu vyangu, kwa kuwa shingo haikumruhusu kuinua uso.