Maji ya Parseli Yetu

Mume wangu alizaliwa Kabambare. Mimi nilizaliwa Kasongo, katika familia ya wafanyabiashara Waislamu ambao nyumba zao zimebanana hata mtu akikohoa huku, jirani anampa pole kule. Kwetu maua yalipandwa ndani ya makopo ya maziwa kwa sababu ardhi yenyewe haikuwepo. Baba mkwe wangu alipofariki na mume wangu akaamua turudi kuishi karibu na mama yake, kitu kimoja kilinifurahisha, ingawa sikukisema mbele ya watu wa msiba. Ni ile parseli. Kiwanja cha nyumba yao kilikuwa kikubwa, kikiteremka taratibu kutoka barabarani mpaka kwenye bonde la migomba.

Tulisafiri kwa pikipiki mbili. Moja ilibeba nguo, vyombo na mume wangu. Ya pili ilinibeba mimi na mzigo wa vipandikizi vya maua nilivyovikata kwa mama, kwa shangazi na kwa kila jirani aliyenipenda, nikavifunga ndani ya majani ya mgomba yaliyolowa. Barabara ilikuwa matope na mashimo. Kila tulipokwama ilibidi nishuke, niushike mzigo wangu kama mtoto mchanga, wakati dereva akisukuma.

“Mama,” aliniuliza tulipokwama tena, “kule Kabambare hakuna miti?”

“Iko mingi,” nikamwambia. “Lakini haya maua hayako.”

Alinisaidia kumwagia mzigo maji ya mtoni kabla hatujaendelea.

Mama mkwe alitupokea vizuri, akatupikia sombe ya majani ya muhogo na samaki, na kesho yake akatutembeza kwenye kiwanja. Majani yalikuwa yameota kila mahali, yameshikamana kama mkeka. Mama mkwe aliyachukia. Tangu mumewe augue hakuna aliyeyafyeka, na mara moja aliona nyoka karibu na choo.

“Yote yatoke,” alisema. “Kiwanja kiwe cheupe, mutu aone anakanyaga wapi.”

Sisi wawili tulikubali kwa moyo mmoja. Mume wangu ni mtu ambaye akishika jembe hajui kuliweka chini. Aling'oa majani yote mpaka udongo mwekundu ukabaki wazi, kisha akaona mteremko nao haupendezi. Akachimba upande wa juu, akasawazisha mbele ya nyumba, na udongo uliozidi akaurundika kwenye kona ya chini. Mimi nilikuwa nyuma yake na kamba. Nilitaka mistari miwili ya waridi kutoka mlangoni hadi barabarani, na katikati ya kiwanja duara kubwa la maua mekundu, kama nililowahi kuliona mbele ya ofisi moja mjini kwetu.

Nilijua kwamba watu walikuwa wanapita pale. Njia yao ilikata kiwanja mshazari, kutoka kwa majirani wa juu kwenda kwenye chemchemi. Niliona nyayo zao kila asubuhi. Nikapanda waridi juu ya njia ile, nikazungushia vijiti na kamba, nikamwambia mume wangu, “Watazoea kuzunguka.”

Hawakuzoea. Siku moja nilikuwa nimesimama mlangoni, mama mmoja akaja na bidoni ya maji kichwani. Alifika kwenye kamba yangu, akainua mguu polepole, akavuka, akavuka tena kamba ya pili, maji yakimmwagikia mabegani. Aliponiona alisema kwa adabu, “Samahani mama. Na huu uzito siwezi kuzunguka.” Nikamjibu hakuna neno. Baada yake wakapita wengine, na kufikia jioni waridi moja lilikuwa limelala chini.

Halafu mvua zikaanza. Ya kwanza ilipiga mchana kutwa na sehemu ya usiku. Tulikaa ndani tukisikiliza mabati, mume wangu akiwa na furaha kwamba mimea itapata maji. Asubuhi, tulipokuwa bado tunakunywa chai, jirani wa upande wa chini alibisha hodi. Alikuwa mjane wa makamo, Mkristo, ambaye kila alfajiri alikaanga mikate ya mafuta na kuwauzia watoto njiani kwenda shule. Hakuwa na mikate siku hiyo. Alikuwa na matope mpaka magotini.

“Kuyeni muone maji yenu,” alisema.

Tulimfuata. Jikoni kwake ukuta wa upande wetu, wa matofali yasiyochomwa, ulikuwa umelainika na kuinama ndani. Mafiga yalikuwa yamezama kwenye tope jekundu. Nilitambua rangi ile, ni ya udongo wetu. Gunia la unga lilikuwa limelowa nusu.

Mume wangu alishindwa kunyamaza. “Mama, mvua si yetu. Mvua ni ya Mungu.”

“Mvua iko ya Mungu,” jirani akajibu bila kupandisha sauti. “Lakini hii njia ni nyinyi mulipasua. Miaka yote nimekaa hapa, haikupita kwangu.”

Mume wangu aliangalia ukuta, akaangalia juu kwenye kiwanja chetu kilichokuwa cheupe kama mama yake alivyotaka, chenye mifereji midogo iliyochimbwa na maji, yote ikielekea kwenye kona ile. Kisha akasema, “Ukuta nitajenga mimi. Na mpaka utakaposimama, mikate utapikia kwetu.”

Ndivyo ilivyokuwa. Kila siku kabla ya jua kuchomoza jirani alikuja na beseni lake, akakanda unga jikoni kwetu huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ndogo. Mama mkwe, akimaliza sala ya alfajiri, alikuja kukaa naye kuota moto. Mwanzoni walizungumza mambo ya unga tu. Baada ya wiki chache nilimsikia mama mkwe akiosha vyombo na kufuatisha moja ya zile nyimbo kwa kinywa kilichofungwa. Nikapita kama sikusikia.

Mume wangu alitaka kuchimba mfereji siku ileile, lakini jirani alimzuia. “Utachimba wapi? Ngoja inyeshe tuone.” Kwa hiyo mvua iliyofuata ilitukuta nje sisi watatu, chini ya turubai moja, tukitembea nyuma ya maji kama watu wanaofuata mbuzi aliyepotea. Maji hayakupita nilipodhani yatapita. Yalianzia barabarani, yakagonga kona ya nyumba, yakagawanyika, yakakutana tena chini ya duara langu la maua na kulikata kama keki. Mume wangu alichomeka vijiti kila mahali yalipogeuka. Mama mkwe alikuwa barzani, akituambia kwa sauti kubwa kwamba tutashikwa na homa.

Mfereji ulifuata vijiti vile, ukazunguka nyumba na kumwaga maji kwenye migomba, ambayo iliyapokea vizuri. Rundo la udongo la kwenye kona likawa matofali ya jirani. Hatukuhitaji kwenda kuchimba mbali. Ukingoni mwa mfereji, upande wa jirani, tulipanda mchaichai mfululizo, kwa maana mizizi yake hushika udongo, na mama mkwe anapenda chai yake. Majani tuliyoyang'oa tuliyarudisha. Mume wangu aliyaomba kwa watu wa juu, akayapanda kipande kwa kipande kwenye mteremko. Kuhusu nyoka, mama mkwe alikubali kwa sharti kwamba yatafyekwa mafupi daima, na yeye ndiye atakayesema mafupi ni kiasi gani.

Lilibaki duara la maua. Nilikuwa nimelifufua baada ya mvua, na lilikuwa linaanza kufunguka, mpunga ulipoletwa kutoka shambani. Asubuhi moja nilitoka nikakuta mikeka imetandazwa juu ya maua yangu na mpunga juu ya mikeka. Machozi yalinitoka. Mama mkwe alinitazama akiwa ameshika ufagio.

“Mwanangu,” alisema, “mupunga tutaanika wapi? Juu ya kichwa?”

Niliangalia kila upande wa kiwanja kile kikubwa na nikaona kwamba mahali pengine pote palikuwa na kivuli, au mteremko, au kuku. Nikaanza kucheka, naye akacheka, na tukakaa chini pale pale kando ya mkeka. Jioni tuliyahamisha maua pamoja, yeye akichimba, mimi nikishika mashina. Tuliyapanda pembeni mwa njia ya chemchemi, kushoto na kulia, na kamba nikaitupa. Kati pakabaki peupe, pa mpunga, pa mihogo, pa watoto wa majirani kuchezea mpira.

Msimu wa kiangazi uliofuata wifi yangu, mdogo wa mume wangu, aliolewa. Ndugu walikuja kutoka Lusangi na hata kutoka Nyangwe, na wote walienea katika kiwanja: wanaume kwenye majani ya mteremko, wanawake na masufuria pale peupe. Jirani alikaanga mikate katika jiko lake jipya, akaipitisha juu ya mchaichai kwa mabeseni. Hakuna aliyeniambia kiwanja ni kizuri. Waliketi tu, walicheza ngoma, wakaacha viatu mahali walipotaka.

Kesho yake majani yalikuwa yamelala na maua kadhaa yamechumwa kwa ajili ya nywele za wasichana. Mume wangu alikuwa bado amelala. Mama mkwe, jirani na mimi tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, miguu tumeinyoosha mbele, tukila wali uliobaki kwa mikono. Kulikuwa na vyombo vingi vya kuosha. Hakuna aliyeinuka.