Viatu vya Kushoto

Na itangazwe kwa heshima zote: mlinzi mkuu wa elimu katika nyika hii ya Mongolia ni mama wa bweni. Kila Jumapili wafugaji wakimletea watoto, hunusa kiatu kimoja kimoja cha sufu na kutia mkono ndani kupima unyevu. Jua likizama, hubeba vyote vya kushoto akavifungia chumbani kwake hadi asubuhi.

Jana Saruul, mtoto wa miaka sita, alililia kiatu chake ili aende kwao. Enkhtuya, mwalimu mgeni, uzalendo ukamshinda.

"Mama, unafuga watoto au viatu?"

Mama wa bweni akampangusa Saruul kamasi kwa kidole gumba.

"Mwaka jana mmoja alimfuata mama yake kwenye theluji. Tulimkuta ameganda."

"Sasa kiatu kimoja kitasaidia nini?"

"Kwa mguu mmoja hafiki mbali, mwalimu."