Mama Kucha na Bawa la Kulia

Shangazi yangu ana ukucha mmoja mrefu, wa dole gumba la mkono wa kulia, na ameutunza kuliko wengine wanavyotunza magari. Akiosha vyombo huuvalia glavu. Siku ulipokatikia kwenye mlango wa kabati, mumewe, ambaye ni fundi saa na mtu wa maneno machache, alikwenda mwenyewe kuwaarifu kazini kana kwamba nyumbani kuna mgonjwa. Ukucha ndio zana yake. Kwa miaka thelathini na mmoja amekunja karatasi kwa mkono katika kiwanda kidogo cha uchapaji, mstari wa mkunjo akiukaza kwa ukucha huo. Kazini wanamwita Mama Kucha. Mimi, ambaye alinilea tangu nina miaka sita, namwita Shangazi. Nikimuudhi, yeye huniita Mheshimiwa.

Hakuna karatasi inayopita mikononi mwake ikabaki ilivyokuja. Risiti za dukani hugeuka visanduku vya kuwekea vifungo. Barua ya mwalimu wangu iliyosema sifanyi hesabu aliikunja mara nne akaisukuma chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Meza ikatulia. Mimi sikutulia, maana alinikalisha kwenye meza hiyohiyo na madaftari kwa mwezi mzima.

Fahari yake kubwa ilikuwa kwamba kazi yake hufunga. Kipeperushi cha watu wengine ukikiweka mezani kinainuka pole pole na kuachama. Cha kwake kinalala kimya hadi ukifungue mwenyewe. Aliwahi kumrudisha mlangoni mteja aliyetaka mikunjo ya zigizaga, ile ya kwenda mbele na kurudi nyuma, akamwambia hiyo ni feni na feni zinauzwa duka la pili.

Basi Jumanne moja alifika pale kiwandani mkunga wa kliniki ya wajawazito, kliniki niliyohudhuria hata mimi, kwa kuwa wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi saba. Vipeperushi vyake elfu nne vilikuwa vimeshachapwa na kukauka, vimebaki kukunjwa tu, na Jumatatu vianze kugawiwa. Vilipangwa vilevile kama vya zamani: karatasi moja yenye mabawa matatu, la kulia linakunjwa kwanza kuingia ndani, kisha la kushoto linakuja juu yake kuwa jalada, na picha ya mama anayetabasamu. Mkunga alikishika kile cha zamani mkononi.

"Samahani mama, wewe ndiye unayevikunja hivi?"

"Ni mimi," akasema Shangazi, akisubiri kusifiwa.

Mkunga akamweleza. Mwezi uliopita aliletwa mwanamke aliyevimba uso, kichwa kinamuuma, macho yanaona vimulimuli. Alikaa nyumbani na hali hiyo siku mbili, akidhani ni uchovu. Dalili zote hizo zimeandikwa kwenye bawa la kulia, upande wa ndani. Kipeperushi kilikuwa kwenye mkoba wake, kimefungwa vizuri, hakijawahi kufunguliwa. Mama alipona. Mtoto hakupona.

"Sijaja kulaumu mtu," mkunga akasema. "Nilitaka kuuliza kama dalili za hatari zinaweza kuletwa mbele."

Bosi wa kiwanda, aliyekuwa akisikiliza, akakuna kichwa. Karatasi imeshachapwa yote, akasema, na nyingine hakuna. Cha kubadilisha labda mkunjo.

Shangazi alirudi nyumbani na bunda la vipeperushi vilivyoharibika wino, akakaa mezani bila kuvua viatu. Nilimuuliza mara mbili kuna nini ndipo akanisimulia. Kisha akasema, "Ulikuwa mkunjo wangu. Hata haukulegea."

Jumatano alijaribu kila alichokijua na asichokijua. Alikunja milango miwili inayokutana katikati, dalili zikazidi kufichika. Akakunja kwa mapana, lakini karatasi ina mwelekeo wake kama kitambaa, na ukiilazimisha upande usio wake inakasirika: wino ukapasuka na maneno yakabaki na mstari mweupe katikati. Akabuni mkunjo wa pembe kama kola ya shati, mzuri wa kutia kwenye fremu. Mumewe akaufungua, na mtu yule anayerudisha magurudumu madogo ndani ya saa akiwa amefumba jicho moja akashindwa kuufunga tena. Aliurudisha ukiwa kama leso iliyotumika.

Kila mkunjo alinipa mimi kwanza, kwa kuwa nina tumbo na yeye alitaka mtu mwenye tumbo.

"Unaonaje?"

"Mkunjo umependeza sana, Shangazi."

"Dalili ya tatu ni ipi?"

Nikaanza kuitafuta ndani ya mikunjo.

"Mheshimiwa," akasema, akaninyang'anya.

Nakiri nilikuwa msomaji mbovu. Nilikuwa naangalia mikono yake badala ya maandishi, na nilikuwa tayari kusifu chochote ili ale, maana tangu jana yake alikuwa hajala kitu cha maana. Kumdanganya mtu unayempenda ni rahisi mno, na siku ile nilimdanganya mara sita.

Alhamisi baada ya kazi akampa mumewe kipeperushi cha kawaida, kile cha mkunjo wa zamani, nadhani kwa kuishiwa mbinu. Fundi saa akakipokea, akatazama picha, akakigeuza, akasoma anwani iliyo nyuma, akakitia mfukoni mwa shati.

"Mbona hukufungua?"

"Hukuniambia nifungue."

"Lakini umegeuza. Nani kakwambia ugeuze?"

Mzee akafikiri. "Kitu ukipewa si lazima ukione mgongo?"

Shangazi akakusanya vipeperushi kumi na viwili, akatoka, akapita nyumba za majirani mmoja baada ya mwingine. Alimpa kila mtu kimoja bila neno, akasimama kama askari kuangalia mikono yake. Jirani wa mwisho alikuja kuniuliza pembeni kama Shangazi ameingia dini mpya. Shangazi aliporudi alikuwa anahema. Watu tisa kati ya kumi na wawili walikigeuza kabla ya lolote. Waliofungua walikuwa watatu, na mmoja wao ni mwalimu.

"Watu hawafungui," akasema. "Wanageuza. Miaka thelathini na mmoja nakunja, sijawahi kukaa nikamwangalia mtu akisoma."

Akachukua karatasi. Bawa la kushoto akalileta juu, likawa jalada kama zamani. Lile la kulia, badala ya kulilaza ndani, akalivuta nyuma. Basi. Mikunjo ni miwili ileile, ila mmoja umekwenda kinyume, na dalili zote za hatari zikawa mgongoni, wazi, kabla hujafungua chochote. Ilikuwa zigizaga. Akakiweka mezani. Kikainuka pole pole, kikaachama.

Hata mimi nilijua anavyochukia jambo hilo. Alikibonyeza, kikainuka. Akakibonyeza tena.

"Mimi najisifu kazi yangu inafunga," akasema hatimaye, sauti imeshuka. "Nilimfungia yule mama."

Fundi saa akavuta kiti chake karibu na wake. Mimi nilimpenda Shangazi wakati ule kuliko siku zote, na nilitaka kumwambia kwamba si kosa lake, kwamba hakuna aliyejua. Nilichoweza kusema ni kwamba chai inapoa.

Bosi hakukubali mara moja. "Mama Kucha, hivi vinaachama. Watu watasema tumekunja tukiwa tunasinzia."

"Waseme, bosi. Vinatoka hivi."

"Wewe ndiye uliyemfukuza mteja wangu kwa mkunjo huuhuu!"

"Nikimwona nitamwomba radhi."

Ijumaa na Jumamosi tulikunja vyote elfu nne, yeye, wenzake wawili na mimi niliyekaa na miguu juu ya katoni. Alinirudishia vyangu vingi. Hata mkunjo anaoudharau alitaka unyooke.

Jumatatu ilikuwa zamu yangu ya kliniki, naye akasema ananisindikiza. Alikuwa hajawahi kunisindikiza tangu mimba ianze. Tuliketi kwenye benchi la ukutani, namba yangu ishirini na mbili, na ndani walikuwa wamefika ya tisa. Mkunga akapita akigawa. Shangazi hakupokea. Alikuwa anaangalia mikono.

Wa kwanza alikitia kwenye mkoba bila kukitazama, na Shangazi akatoa mguno kama aliyekanyagwa. Wa pili alijipepea nacho.

"Feni," nikamnong'oneza. Akanifinya paja.

Wa tatu, mwanamke mpole aliyekaa karibu na dirisha, alitazama picha, akakigeuza. Akaanza kusoma, kidole kikifuata mstari. Kidole kikasimama. Akarudi juu akasoma upya. Kisha akajishika shavu, upande huu na upande ule, akavuta pete yake na pete haikusogea. Akainuka akiwa na namba yake mkononi, ya thelathini na kitu, akapita mbele ya benchi zima, akaenda kugonga mlango.

"Dada, foleni!" mtu akapaza sauti. "Na sisi tumekaa hapa tangu alfajiri!"

Shangazi, ambaye hajawahi kumruhusu binadamu yeyote kumpita kwenye foleni, alisimama.

"Mwacheni apite," akasema. "Tafadhalini, mwacheni apite."

Mlango ukafunguliwa, mkunga akamtazama yule mwanamke usoni, akamshika mkono akamwingiza ndani. Shangazi akaketi tena na kulia mbele ya watu wote, wala hakujifuta.