Mtoto Yuko Aya ya Nne

Ipo Alhamisi moja, mwanangu Neema, ambayo nikiikumbuka hata leo nikiwa ndani ya basi la barabara ya Finch, mikono hunitoka jasho.

Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka michache tu. Mama yako ni dada yangu, basi mimi ni mama yako mdogo, na umama mdogo haungoji mvi. Jumatatu unaanza kazi katika nyumba ya kutunza wazee, na mama yako ananiambia huli vizuri, unawaza kila neno utakalosema na kila jicho litakalokutazama. Ugonjwa huo naujua. Ni wa ukoo. (Ukikwama kwenye Kiswahili changu muulize mama yako, wala usinijibu kwa Kiingereza.)

Nilikuwa nimemaliza chuo, na Kihispania changu kilikuwa cha darasani. Nikapata kazi katika gazeti la wiki la Kihispania, ghorofani juu ya duka la mikate huko North York, hapa Toronto. Mwenye gazeti alikuwa Mama Graciela, mzaliwa wa El Salvador. Wenzangu walimwita Graciela tu. Mimi ulimi ulikataa. Mtu wa umri wa mama yangu ni mama. Alifika mji huu hana ndugu, akasafisha ofisi za watu kwa miaka. Gazeti lake la kwanza lilikuwa karatasi moja aliyoitoa nakala na kuiacha milangoni mwa makanisa: nani anapangisha chumba, daktari gani anasema Kihispania, nani amefiwa. Watu walipoanza kuiulizia, akatembea duka kwa duka kutafuta matangazo, akaajiri, karatasi ikawa gazeti. Tangu siku ile hakuwahi kukosa Ijumaa hata moja. Theluji ifunge barabara, yeye augue, Ijumaa gazeti lilikuwa dukani. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake.

Kazi yangu ilikuwa ukurasa wa salamu. Kwao, binti akitimiza miaka kumi na mitano hufanyiwa sherehe karibu ya harusi, na picha yake hutolewa gazetini. Juma lile alikuja mama mmoja, Yadira, na binti yake. Yadira aliinama mezani kwangu akasema polepole ili nielewe: "Uso tu. Mahali pasionekane." Alikuwa amemkimbia mumewe, mtu aliyeapa kuwafuata popote waendapo. Mume alikuwa na binamu zake hapahapa Toronto, na binamu hao walilisoma gazeti letu. Mama Graciela alisikia, akamshika mkono. "Uso tu," akamwahidi.

Nikaikata picha, ukabaki uso. Lakini Alhamisi, siku ya kufunga gazeti, nikaona ukurasa wangu kwenye kompyuta ya Ramiro, mpangaji wetu wa kurasa, na picha ilikuwa nyingine. Binti mwenyewe alikuwa ametuma mpya kwa simu, gauni limepepea, anacheka. Ramiro, ambaye hakuwapo Yadira alipokuja, aliiona inang'aa zaidi akaibadilisha. Nyuma ya binti kulikuwa na mlango wa vioo wa jengo lao la ghorofa. Juu ya mlango, namba ya jengo na jina la barabara, herufi kubwa za dhahabu.

Na hapo, mwanangu, ndipo akili yangu ilipoanza safari zake. Labda mama mtu amekubali. Labda Ramiro ameulizwa. Ramiro ana miaka kumi hapa, mimi miezi. Nikisema nikawa nimekosea, je? Mwisho nikafanya kitu nilichokiona cha adabu na busara: nikaketi, nikamwandikia Mama Graciela barua pepe. Niliiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Nikaituma. Kisha nikangoja.

Chumba chake kilikuwa pua na mdomo na changu.

Kurasa zikatumwa kwa mchapaji. Ramiro akavaa koti. Jibu hakuna. Nikaenda chooni, nikafanya mazoezi ya sentensi mbele ya kioo, nikarudi, nikasimama mlangoni pake.

"Mama, umesoma barua yangu?"

"Barua gani? Siku ya kufunga mimi sisomi hata barua ya Papa."

Nikamweleza kwa pumzi moja. Hakuniuliza swali. Alichukua funguo, akampigia Ramiro asithubutu kuweka gazeti kwenye mtandao, akampigia mchapaji. Simu ikaita, ikaita. Mitambo ikishaanza kunguruma kule, hakuna anayesikia simu. Tukashuka ngazi mbiombio.

Kiwanda kilikuwa Rexdale, karibu na uwanja wa ndege. Barabara ilikuwa imejaa, magari yanatambaa, nami nikipiga ile namba tena na tena. Mama Graciela aliendesha, macho barabarani tu. Nilitamani anigombeze.

Tulipofika, mafungu ya kwanza yalikuwa tayari ndani ya gari la kusambaza, injini inanguruma. Mama Graciela alikwenda akasimama mbele ya gari, na mkoba wake kifuani.

"Doña!" dereva akapaza sauti. "Unataka kufa leo?"

"Zima. Shusha yote."

"Kesho ni Ijumaa!"

"Kalenda ninayo nyumbani. Shusha."

Alichomoa nakala moja, akaifungua, akaitazama picha kwa muda. "Mtoto mzuri," alisema. Kisha akaingia ndani, akaamuru mtambo usimame na yote yaliyochapwa yasagwe. Nafasi ya kuchapa upya haikupatikana hadi usiku wa kesho yake. Ijumaa ikapita bila gazeti.

Pale nje, yale mafungu yakishushwa, ndipo aliponigeukia.

"Uliona lini?"

"Kabla ya chakula cha mchana."

"Mlango wangu ulikuwaje?"

"Wazi."

Akatoa simu, akaitafuta barua yangu, akaisoma kwa sauti. "'Samahani kwa usumbufu. Huenda nimekosea. Najua una kazi nyingi...' Ehe. 'Pengine mama yake ameshabadili mawazo...'" Akashusha simu. "Mija," akaniita, yaani binti yangu kwa Kihispania, "mtoto yuko aya ya nne! Gazeti gani linaweka moto aya ya nne? Umenipa habari za woga wako kwanza, mtoto baadaye."

Nililia, naye akaniacha nilie.

Jumamosi gazeti lilitoka, uso tu. Wenye maduka walimpigia simu kumlaumu, wengine wakimtania kwamba amezeeka. Jumatatu akaja yule binti mwenyewe, amefura: tumemkatia gauni zima, marafiki zake watajuaje lilikuwa la rangi gani? Mama Graciela aliketi akamsikiliza hadi mwisho, anatabasamu kama anayesikiliza kwaya. "Lalamika, mija," akamwambia. "Lalamika tu."

Heri lawama kuliko fedheha, mwanangu. Sikuambii uache kuwaza. Woga wangu ndio ulioniwezesha kuona namba zile ambazo Ramiro hakuziona. Lakini jicho lililoona bila mdomo kusema halijamsaidia mtu. Huko uendako utaona bibi ambaye jana alikula na leo hali, utaona dawa isiyofanana na ya jana. Usiende kuandika. Inuka, nenda kwa mkubwa wako, na neno la kwanza liwe jambo lenyewe: "Bibi hali." Samahani zako zifuate nyuma. Ukiwa umekosea, utachekwa kidogo na jioni utakula chakula chako. Ukiwa umepatia na umenyamaza, majuto ni mjukuu, na huyo utamlea peke yako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho lionalo na miguu isiyongoja. Wazee utakaowashika mikono wakuombee kwa lugha zao zote, na kila siku utoke kazini moyo wako ukiwa mwepesi. Amina.