Uzi Nao Hupiga Hodi

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia chumbani kwa Mkurugenzi bila hodi, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Ofisi yetu ya kuandika programu ilikuwa juu ya duka la vitambaa, Sinza. Mkurugenzi, mzee wa Kihindi mzaliwa wa hapa hapa mjini, hakuinua hata macho. "Binti, toka. Upige hodi, nikusikie." Nilitoka nimenuna. Niliporudi na hodi yangu alinikaribisha kwa chai na kashata, yakaisha.

Vijana wa leo mnaandika programu za simu. Sisi tuliandika za kompyuta za mezani. Programu ya namna hiyo huendeshwa na nyuzi kadhaa, yaani kazi zinazokwenda sambamba ndani yake. Uzi mkuu huchora skrini na kumsikiliza anayebonyeza. Nyingine huleta taarifa zilizohifadhiwa. Taabu huanza nyuzi mbili zinapogusa taarifa moja kwa pamoja: mmoja unabadilisha, mwingine unasoma, na unaosoma unaondoka na nusu mpya, nusu ya zamani. Kwa hiyo taarifa ya pamoja huwekewa kufuli. Mkurugenzi hakulipenda neno hilo. Yeye aliita hodi. Uzi upige hodi. Kama ndani hamna mtu, uingie. Kama yumo, usubiri.

Nikapangiwa programu ya benki ya damu ya hospitali moja ya Temeke, chini ya Mhandisi Mkuu wetu, mtu machachari aliyeabudu kasi. Mkuu wa Maabara wa pale, mama wa watu mwenye asili ya kusini, hakuchoka kutukumbusha: "Mie sitaki programu ya mbio. Nataka damu ya Zuhura iende kwa Zuhura."

Asubuhi moja tukiwa palepale maabara, skrini iliganda. Wodi ya wazazi ilikuwa inasubiri damu ya mama aliyejifungua na kutokwa damu nyingi. Nilichungulia ndani ya programu, nikaona nyuzi mbili zimekwama. Uzi wa skrini ulishika orodha ya wagonjwa huku ukipiga hodi kwenye akiba ya damu. Uzi wa akiba ulishika akiba huku ukipiga hodi kwenye orodha. Kila mmoja ulikuwa unangoja mwenzake utoke kwanza.

"Ondoa hizo hodi, dada!" Mhandisi Mkuu alifoka. "Mtu anakufa!"

"Nikiziondoa skrini itafunguka, lakini itasema nini? Tulipojaribu bila hodi ilileta jina la Zuhura na kundi la damu la Rehema. Siondoi, braza."

"Nyie bishaneni," alisema Mkuu wa Maabara. Alikuwa amekwishafungua friji. "Mie nasoma kwa macho."

Alipima upya damu ya mgonjwa, akailinganisha kwa mkono wake na ya kwenye mfuko alioutoa kwenye friji, kisha akaupeleka wodini. Nilisimama pale nikiogopa kwamba ubishi wangu utamuua yule mzazi. Hakufa. Jioni tulisikia ameomba uji.

Nilipomsimulia Mkurugenzi, alisikiliza mpaka mwisho. "Binti, ukipiga hodi tatu nyumbani kwa mtu, asiitike, unafanyaje?"

"Narudi zangu."

"Sasa mbona uzi wako haurudi?"

Basi tukaandika upya. Uzi ukipiga hodi tatu bila karibu, unaachia ulichoshika, unakaa pembeni, kisha unaanza tena. Na ukiingia, unachukua nakala yako na kutoka. Hakuna kupiga soga ndani. Mhandisi Mkuu alilalamika kwamba tumeichelewesha programu, na ni kweli ikawa inasita kidogo. Ilisita hivyo hivyo mpaka nikastaafu.

Siku hizi nipo Tegeta na bustani yangu ya mchicha. Mkurugenzi ametangulia mbele ya haki, na ninamkumbuka sana. Hivi karibuni nililazwa hospitali ile ile kwa upasuaji, nikahitaji damu. Nesi, binti mdogo, alibonyeza kompyuta kando ya kitanda changu, akasonya.

"Shikamoo mama. Samahani, hii programu ya zamani inasitaga kabla ya kuleta kundi la mtu."

"Marahaba. Iache, mwanangu. Inapiga hodi."

Alinitazama, nadhani aliona nimeanza kuweweseka. Nikageuza shingo kwenye skrini. Jina lilikuwa langu, na damu ilikuwa yangu.